Mihuri Kumi na Miwili ya Mizunoe

Mlioniuliza kwenye matanga, na mlioulizana wenyewe kwa kunong'ona mkidhani sisikii, leo nawajibu. Mlitaka kujua imekuwaje Seif hakuja kumzika mama, na mimi dada yake nilikuwa nimerudi kutoka kwake Japani hata mwezi haujatimia. Niliwaambia hakupata nafasi. Mkanitazama, mkala wali, mkaondoka na shaka zenu. Sasa miguu imeacha kuvimba, nimekaa barazani kwangu hapa Mkuza, na nitaisimulia safari yote hatua kwa hatua. Habari za viza na tiketi nazipita. Hazina utamu.

Kwa asiyenijua vizuri, mimi ni Mwantumu, mtoto wa kwanza wa mama. Nilifanya kazi ya kupima maji pale Ruvu miaka ishirini na minane, maji wanayokunywa watu wa Dar, mpaka nikastaafu. Seif ni kitinda mimba wetu. Alikwenda Japani akiwa kijana, akaingia kwenye biashara ya magari yaliyotumika, akaoa huko huko, na kwa miaka kumi na tisa hakutia mguu nyumbani. Hata baba alipofariki hakuja.

Mzenga: neno la mama

Mama aliniita kwake Mzenga, huko Kisarawe, wakati wa vuli. Bodaboda ilinishusha kabla ya kufika kwa sababu njia ilikuwa tope tupu, nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi, mtu mzima mzima mimi. Nilimkuta amelala. Pembeni ya kitanda chake kulikuwa na kitanda kingine kimetandikwa shuka safi na chandarua kimefungwa vizuri juu. Hicho ni kitanda cha Seif. Kila Ijumaa mama alitaka shuka ibadilishwe, na kila treni ilipopiga honi pale stesheni ya Mzenga aligeuza shingo kutazama mlangoni. Tulishazoea.

"Tumu," aliniambia, "mimi nakwenda. Nenda kwa Seif. Mwambie aje achukue radhi zake kwa mkono wake. Kama haji, aseme haji, niache kumngoja. Nataka neno moja tu: nakuja, au siji."

"Mama, si nimpigie simu sasa hivi umsikie mwenyewe?"

"Simu ni ya kuulizana bei ya korosho," akasema. "Neno la mzazi linabebwa na mtu."

Hapo inabidi niwaeleze nyinyi mliotoka bara jinsi mambo yalivyokuwa nyumbani kwetu. Mjumbe hafiki akapayuka. Anakaribishwa, anakaa, anapewa maji, anakula kama kipo. Kisha mwenye nyumba anamuuliza, "Umetumwa nini?" Ndipo anapofungua mdomo. Akisema kabla hajaulizwa, amemvunjia heshima aliyemtuma, na neno linahesabika halikufika. Mama aliishika sana desturi hiyo. Seif akiwa na miaka tisa alitumwa kwa mjomba wetu Maneromango. Mjomba alikuwa na shughuli zake, akasahau kumuuliza. Mtoto akakaa kutwa, akala, akacheza, jioni akarudi nyumbani na neno lake tumboni. Sisi tulimcheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Alimkumbatia na kusema, "Huyu ndiye atakayenizika." Kwa hiyo msije mkaniambia Seif hakujua.

Nilipoaga, mama aliagiza ifukuliwe mihogo mitatu nyuma ya nyumba. Nikataka kuiosha. Akakataa, akasema ukiiosha inaoza upesi. Nikaifunga kwenye kanga na udongo wake.

Njia panda ya ndege

Ndege ya kwanza ilitushusha katika uwanja mmoja wa Uarabuni, ule wenye maduka mengi kuliko abiria. Ya pili ilichelewa saa sita. Nilikaa kwenye kiti cha chuma, karibu na dada mmoja wa Tabora aliyekuwa anakwenda kufanya kazi za ndani. Tulikula karanga zake na maandazi yangu, tukawasema watu wa pale wanavyotembea wamekunja uso. Kisha akaniuliza bila kuzunguka:

"Mama, na wewe kwa umri huo unafuata nini huko mbali?"

Nikamwambia yote. Kitanda, shuka ya Ijumaa, radhi, yote mpaka mihogo. Akalia, mtu wa watu, ilhali mamaye mwenyewe alishafariki. Ndege yake ilipoitwa alinishika mikono miwili akasema, "Atakuja tu. Nani anakataa wito kama huo?" Hata jina lake sikulijua. Aliuliza, nikajibu, ndivyo watu wanavyofanya.

Forodhani: udongo wa Kisarawe

Japani wanakupokea kwa adabu mpaka unaona aibu. Kijana wa ukaguzi alivaa glavu nyeupe, akafungua kanga yangu, akaitoa mihogo mmoja mmoja na kuilaza mezani. Aliita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Wakasimama watatu wanaitazama, nami nasimama nao. Mwishowe mkubwa akaniletea karatasi yenye picha: tunda, jani, nyama, na rundo la udongo, vyote vimepigwa msalaba mwekundu. Akaweka kidole kwenye rundo la udongo, kisha kwenye muhogo, kisha akainama.

Nikamwonyesha kwa ishara kwamba nitaiosha pale pale chooni. Akainama tena. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti kama ya mwalimu, kwamba mihogo ile imetumwa na mzazi. Akainama zaidi, na mihogo ikaenda. Kanga walinirudishia, lakini kwanza waliikung'uta juu ya ndoo, wakaikung'uta tena, mpaka haikubaki hata chembe. Niliwachukia kwa dakika kumi. Baadaye nimefikiri, walau wao walisema hapana wazi wazi.

Treni mbili na chenza moja

Mizunoe ni mji mdogo, unafika kwa treni mbili. Ya kwanza ni ile ya mbio, ya pili ni ya mabehewa mawili tu, inapita katikati ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Treni hiyo ndogo ilichelewa dakika nne. Nne! Mwendeshaji alitangaza kwa sauti ya huzuni, na bibi mmoja aliyeketi mbele yangu akanitafsiria kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa: wanaomba radhi. Nilicheka peke yangu. Sisi pale Mlandizi foleni inakula nusu siku, na dereva akigeuka ni kutuambia tufunge madirisha.

Bibi yule alinimenyea chenza, akanipa vipande vyote yeye asibakize. Kituoni niliposhuka nilisahau kanga yangu kitini. Mzee wa kituo alikimbia nayo jukwaani, ameikunja pembe nne mraba, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilianza kuupenda ule mji, na hilo linaniuma mpaka leo.

Seif alikuwa amesimama nje. Alikuwa amenenepa, mvi kidogo, koti zuri. Aliinama kwanza kama wao, kisha akakumbuka, akanishika mkono. "Shikamoo, Da Tumu." Sauti ile ile. Nilimkumbatia, nikalia hadharani na watu wakapita pembeni yetu bila kutazama.

Nyumbani kwa Seif

Nyumba yao ni ya mbao, sakafu ya mikeka minene. Kuna ndala za kuingilia ndani, na ndala nyingine za chooni. Mimi nilitoka chooni nazo mpaka sebuleni, na mkewe, Keiko, akazitazama, akaziondoa wakati nimegeuka. Ni mwanamke mpole, mwembamba, anainuka kila unapoinuka. Ndani pia yumo mama yake Keiko, mzee sana, anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Seif anamwita kwa neno ambalo, nilipouliza, nikaambiwa maana yake ni mama.

Niliketishwa. Nikapewa maji, baridi, matamu, hayana hata harufu ya dawa. Ulimi wangu wa kazi haukukosa kuyapima. Nikapewa wali, samaki wa kuchoma, na supu niliyohakikishiwa haina nguruwe. Seif alikaa mbele yangu, amekunja miguu, mikono juu ya magoti. Nikaweka bakuli chini. Nikakaa sawa. Mambo yote yalikuwa yametimia kama kwetu: karibu, kiti, maji, chakula. Likabaki swali.

Seif akanyoosha mkono nyuma yake, akatoa kijitabu.

"Da Tumu," alisema kwa furaha, "mji wetu una vivutio kumi na viwili. Kila kimoja kina muhuri wake. Ukijaza yote unapewa zawadi. Una siku sita, tutaijaza yote."

Nikadhani ni uchovu wa safari yangu ndio anaouonea huruma. Nikasema sawa, kesho ataniuliza.

Kisha akainuka, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga goti mbele ya yule bibi na kumwosha miguu. Akaikausha kidole kwa kidole. Akatoa mkasi mdogo akamkata kucha, huku anamwimbia wimbo wa kitoto wa huko kwa sauti ya chini. Mimi nikatazama ukutani. Kucha za mama nilizikata mimi siku moja kabla ya kuondoka, na alipouliza nani anamkata nikasema ni Tumu, akasema ahaa.

Mihuri minane ya kwanza

Sasa huo mji wenyewe, maana wengine mlitaka kujua unafananaje. Ni mji wa maji. Chemchemi zinatoka chini ya milima, zinapita kwenye mifereji ya mawe kando ya kila mtaa, na ndani ya mifereji wanaogelea samaki wekundu na weupe, wakubwa kama paja la mtoto, na hakuna anayewavua. Wanawake wanaosha mboga upande wa chini, upande wa juu ni wa kunywa tu. Hakuna mlinzi wala bango la faini. Nilisimama pale nikafikiri juu ya nyumba yangu, mimi niliyewapimia watu maji miaka yote, na siku nyingine bomba langu linatoa hewa. Nikachota kwa kata ya mianzi, nikanywa, nikapiga muhuri wa kwanza.

Muhuri wa pili ni ngome. Kwa mbali ni ya mbao na vigae, ya kifahari, ukiingia ndani ni saruji na lifti. Ya kweli iliungua zamani wakajenga nyingine. Wa tatu ni jumba la miavuli ya karatasi. Wa nne ni daraja jekundu. Wa tano ni duka la vitafunwa vya maharage yaliyopikwa na sukari, laini, na mimi mtu wa pwani sikushangaa, nikala vinne. Wa sita ni hekalu lenye mti wa majani ya njano kabisa; mimi nilibaki nje ya lango, Seif akaingia kunigongea muhuri. Wa saba ni kiwanda cha pombe ya mchele. Hapo pia nilibaki nje, na pia akanigongea. Kila mahali alikuwa na pedi ya wino, anabonyeza kwa uangalifu, anapuliza ikauke, ananionyesha.

Na kila mahali nilingoja. Tulipokaa benchi, nilikaa sawa. Tulipomaliza kula, niliweka mikono magotini. Aliniuliza kama nasikia baridi. Aliniuliza kama viatu vinabana. Aliniuliza juu ya barabara ya Morogoro, reli mpya, bei ya viwanja Kibaha. Nilipotaja nyumbani, nilisema tu "kule nyumbani mvua ya vuli mwaka huu", akaonyesha mfereji na kusema, "Tazama, Da Tumu, yule mweupe!" Nilitazama. Alikuwa samaki kama wengine.

Nilijitafutia sababu. Nilisema miaka kumi na tisa ni mingi, amesahau. Nilisema amekuwa kama watu wa huku, wanaoona haya kumuuliza mtu jambo lake. Hata Keiko haulizi, anatabasamu tu na kuongeza chai. Nikasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; siku ya tatu ataniuliza. Siku ya tatu nilipewa muhuri wa nane, wa kilima cha kutazamia mji. Huko juu palikuwa na darubini, na Seif akanishikia nitazame paa la nyumba yake.

Najua mnachosema. Ungemwambia tu, Mwantumu, mdomo si wako? Kweli. Lakini nilikuwa mdomo wa mama siku zile, na mama alikuwa hajavunjiwa heshima na mtu. Sikutaka niwe wa kwanza. Tena nitasema na hili lililobaki: nilikuwa na kiburi. Nilitaka aniulize mimi, dada yake niliyembeba mgongoni.

Maji ya moto

Muhuri wa tisa ni bafu la maji ya moto yanayochemka yenyewe ardhini. Wanaume upande wao, wanawake upande wetu. Keiko ndiye aliyenipeleka. Kumbe mnaingia bila hata uzi! Niliingia nimejifunga kanga, ile ile ya mihogo, na mama mtu mzima aliyesimamia pale akanisimamisha kwa kutikisa kiganja. Tukavutana. Mimi nasema astaghfirullah, yeye anainama. Mwisho tukapatana nisiingie kwenye maji makubwa, nikae tu pembeni kwenye kigoda, nichovye miguu.

Keiko aliacha raha yake, akaja kuketi nyuma yangu, akanisugua mgongo kwa kitambaa taratibu, mpaka kwenye mabega. Hakuna aliyenisugua mgongo tangu nimekuwa mjane. Machozi yalinitoka, nikajimwagia maji usoni asiyaone. Aliyaona.

Tulipovaa na kutoka, alikaa nami kibarazani pa bafu, akatoa simu yake inayotafsiri. Akasema neno kwa Kijapani, mashine ikasema kwa Kiswahili kikavu: "Dada, umekuja na jambo zito. Naomba niambie ni jambo gani."

Watu wote wa mji ule, huyu ndiye aliyeuliza. Na mimi, hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo, nikamtazama nikafikiri: neno si lako. Sikutumwa kwako. Nikasogeza mdomo kwenye simu nikasema, "Nimekuja kutembea tu." Mashine ikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaniwekea maziwa ya chupa mkononi. Laiti ningemwambia, pengine mkewe angemgeuza. Sitajua.

Nyumba ya pampu

Muhuri wa kumi ulikuwa soko la asubuhi, wa kumi na moja bustani ya mawe. Wa mwisho, siku ya sita, ni nyumba ya zamani ya pampu za maji, siku hizi ni makumbusho. Hapo nilikuwa nyumbani. Nilimweleza Seif kila chombo: huku maji yanaingia, hapa matope yanatulizwa, hapa yanachujwa kwa mchanga. Niligonga bomba kwa kucha nikamwambia hili limekula kutu kwa ndani. Mzee anayelinda pale hakuelewa neno, lakini alitufuata huku anafurahi. Seif alicheka kicheko chake cha utotoni.

"Da Tumu, wakuajiri wewe hapa!"

Tulikuwa peke yetu mbele ya pampu kubwa iliyozimwa. Akaacha kucheka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. Midomo yake ikafunguka. Nikasimama wima. Nikasema moyoni, mama, wakati umefika.

Akanichukulia kijitabu mkononi. "Muhuri wa mwisho," alisema, akaenda mezani. Alibonyeza kwa nguvu, wino ukatapakaa nje ya duara. Zawadi ilikuwa taulo dogo jeupe lenye picha ya samaki aliyevaa kofia.

Jukwaani

Treni yangu ilikuwa ya saa nne asubuhi. Keiko aliagana nami nyumbani, alibaki na mama yake. Seif alibeba begi, akasimama nami mahali palipochorwa mstari ambapo mlango wa behewa utafungukia. Saa ya kituo ilionyesha dakika sita zimebaki. Nikavunja heshima ya mama yangu.

"Seif. Mama anakwenda. Amenituma. Anasema uje uchukue radhi zako kwa mkono wako. Kama huji, useme huji, aache kukungoja. Anataka neno moja tu."

Alitazama saa. Alitazama reli. Shingo yake ilikuwa imeloa jasho na baridi yote ile. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chetu kabisa:

"Da Tumu. Sijakuuliza."

Ndugu zangu, nimezika baba, nimezika mume, sijawahi kupigwa namna hiyo. Hakuwa amesahau. Siku ya kwanza aliposhika kile kijitabu alijua anashika nini. Mihuri yote ile, samaki, ngome, darubini, alikuwa ananizuia nisifikishe neno, kwa desturi ile ile aliyotufundisha mama mwenyewe. Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kumwambia juu ya kitanda, juu ya shuka. Treni ikaingia, haikuchelewa hata dakika moja, mlango ukafunguka mbele ya mstari sawasawa.

Niliingia bila kumpa mkono. Kupitia kioo nilimwona ameinama kwa kiuno, kama wanavyoinama wao, mikono imebana mapajani. Treni iliondoka na yeye hajainuka. Sijui alikuwa ananiaga mimi, au anamwinamia mama. Nilifunga pazia.

Mzenga tena

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Nilikula walichonipa, nikalala waliponilaza. Kutoka uwanja wa ndege sikupitia hata nyumbani Mkuza, nilikwenda moja kwa moja Mzenga na begi langu.

Mama alikuwa amepungua sana. Akaagiza nikalishwe, nikapewa maji ya mtungi, ugali na mchicha wa nazi. Alingoja nimalize. Nilipoweka sahani chini alisema, kwa sauti ndogo lakini sawasawa:

"Haya, Tumu. Umerudi na neno gani?"

"Mama, hakuniuliza."

"Ulikaa siku ngapi?"

"Sita."

"Siku sita hakukuuliza?"

"Hakuniuliza, mama. Nilipoona naondoka nilisema mwenyewe. Nisamehe."

"Akasemaje?"

Nilitaka kudanganya. Nilikuwa na uongo mzuri nilioutengeneza njia nzima kwenye ndege: anatafuta ruhusa, anakuja baada ya mwezi. Lakini ameniuliza. Nikasema, "Alisema, sijakuuliza."

Mama alifumba macho. Nikadhani amelala. Kisha kifua kikatikisika, na nilipoinama nikaona anacheka, kicheko kidogo kisicho na sauti, machozi yanashuka masikioni.

"Basi hajasahau kwao," alisema. "Hilo nalo ni neno."

Nikamwambia amlaani, kama ana la kumlaani. Akanikemea. Alisema radhi alishampa siku aliyomzaa, alitaka tu aje azichukue. Nikampa kile kijitabu, sikuwa na kingine. Akapitisha kidole juu ya mihuri, mmoja baada ya mwingine, akauliza ni nini. Nikamwambia ni mahali tulipotembea na Seif. Akauliza, "Kote huko mlikwenda pamoja?" Nikasema kote. Akakishika kifuani kidogo, akanirudishia.

"Kesho mtandue kile kitanda," akasema.

Tulikitandua. Shuka nilifua mwenyewe, chandarua nikafungua, kitanda tukakitoa nje. Treni ya mchana ilipiga honi, na mama hakugeuza shingo. Siku ya kumi na moja alifariki, alasiri, nimemshika mkono.

Simu

Nyinyi mlikuwepo siku ya tatu ya matanga. Mliniona nimeinuka kwenye mkeka nikaenda kusimama kando ya tenki la maji na simu sikioni. Ni Seif alikuwa anapiga. Namba yake tulikuwa nayo mimi na mama tu, na mama hakuwepo tena duniani.

"Shikamoo, Da Tumu."

"Marahaba."

"Habari za huko?"

"Nzuri."

Ndivyo tunavyojibu sote, hata paa likiwa linawaka moto. Habari ni nzuri kwanza, na anayejali huuliza mara ya pili. Nikangoja mara ya pili. Nyuma yangu ilikuwa inasomwa hitima, sauti za wanaume zinapanda zote pamoja, na wanawake wanapakua. Kule kwake nilisikia maji yanamiminika ndani ya beseni.

"Nasikia watu," alisema.

"Wapo."

Maji yakaendelea kumiminika. Yakajaa, yakamwagika, nilisikia kabisa yanavyomwagika sakafuni. Hakuyafunga.

"Haya, dada," akasema. "Wasalimie."

"Zimefika."

Nikarudi mkekani, mkaniuliza nani huyo, nikasema ni mtu wa kazini zamani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtakaosema nimefanya dhambi, semeni, sitabisha, na usiku na mchana naisema mwenyewe. Lakini msiniombe namba yake mkamwambie nyinyi. Simu yangu ina chaji na iko wazi. Swali analijua, mama alimfundisha mwenyewe, na siku atakayoliuliza nitamjibu.